Sola ya Tanga na ya Bagamoyo: vifaa vilevile, mbona mwenzangu anaokoa mara mbili yangu?

#1 Mkazi wa Sahare
Salaam wanajamvi. Naleta hesabu zangu zote hapa, nanyi mnisaidie kuzisoma.

Naishi Sahare, Tanga mjini. Shemeji yangu, mume wa dada, yuko Zinga, Bagamoyo. Tulifunga sola kipindi kimoja na vifaa vya aina moja: paneli nne za wati 550, inveta ya haibridi (inayochanganya jua, betri na luku) ya kilowati 5, betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea 100, yaani yuniti tano na kidogo. Mimi imenigharimu milioni 6.8: paneli 1,160,000, inveta 1,500,000, betri 3,100,000, nyaya na breka na vyuma vya juu ya bati 640,000, fundi 400,000. Yeye alimaliza kwa milioni 6.35 kwa kuwa vitu alivifuata mwenyewe Kariakoo kwa gari la jirani.

Kabla ya sola nilikuwa nanunua luku ya 40,000 kwa mwezi, sasa 22,000. Shemeji alikuwa ananunua ya 70,000, sasa 30,000. Mimi naokoa 18,000, yeye 40,000. Kwa mwendo huu hela yake inarudi baada ya miaka 13 na ushee, yangu miaka 31. Betri yenyewe haifiki huko.

Sote tuko pwani moja, jua letu moja. Tanga tumekosa nini?

#2 Nahodha wa Pangani
Jua moja wapi? Tanga inanyesha kuliko Bagamoyo, kila mtu anajua. Masika yetu yakianza Machi hayaachi mpaka Juni inagonga, na hata nje ya masika kuna vijimvua vya asubuhi vinatoka baharini. Wingu likikaa, paneli inakuwa bati tu. Swali lako limeshajibiwa.

#3 Binti Kaole
Watu wa Tanga mmezoea kujisifia kila kitu chenu ni kizuri, leo jua limewakataa 😄 Karibuni Bagamoyo, viwanja bado vipo.

#4 Mzee Mkonge
Mimi niko Muheza. Sababu iko wazi: Bagamoyo wanauziwa umeme ghali kwa kuwa wako karibu na Dar, ndiyo maana wakipunguza kidogo wanaokoa sana. Huku kwetu yuniti ni nafuu, mitambo ya umeme wa maji ya Hale na Pangani iko hapa hapa.

#5 Yuniti Nane
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Bei ya umeme wa TANESCO ni moja Tanzania Bara yote. Haijali uko karibu na bwawa au uko Kigoma. Hale ina megawati 21, New Pangani Falls 68, na zote zinaingia gridi ya taifa, hazina foleni ya watu wa Tanga kwanza.

Kinachotofautisha bei ni kundi lako. Mtumiaji mdogo wa nyumbani yuko D1: yuniti 75 za kwanza kila mwezi ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi hapo ni 350. Wengine wa kawaida wako T1, shilingi 292 toka yuniti ya kwanza. Juu yake weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3, EWURA (mdhibiti) 1. Kwa hiyo D1 unalipa 122 kwa yuniti, T1 unalipa 356. Ndiyo maana mtu wa D1 akiweka elfu moja anapata yuniti nane na mwenzake anapata mbili na kitu.

Sasa mleta uzi, chukua luku yako ya 22,000. Toa 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa humo humo. Inabaki 20,500. Gawa kwa 356, ni yuniti 57 na nusu. Umeshashuka chini ya 75, lakini bado unalipa bei ya T1! Ungekuwa D1, yuniti hizo hizo zingekugharimu kama 7,000. Ungekuwa unaokoa zaidi ya 31,000 kwa mwezi na si 18,000. Miaka yako 31 inakuwa 18 hapo hapo, bila kuongeza hata waya.

Na shemeji yako ukimpigia hesabu hiyo hiyo anabaki na yuniti 80. Yuniti tano tu zinamzuia mlangoni.

#6 Mkazi wa Sahare
Yuniti Nane, hii sikuwahi kuambiwa na mtu. Unahamaje?

#7 Yuniti Nane
Unakwenda ofisi yao na namba ya mita, unaomba kuhamishiwa D1, wanaangalia manunuzi yako ya nyuma. Ukiwa na historia ya miezi kadhaa chini ya 75 una hoja. Ndugu yangu wa Makorora alifanya hivyo baada ya wapangaji wake kuhama, akahamishwa.

#8 Chalinze Njiapanda
Msimwambie jambo nusu. D1 ina mtego. Masika ikija, paneli zikashuka, ukanunua yuniti 90, zile 15 zinazozidi ni 350 jumlisha asilimia 22, yaani 427 kila moja. Na ukiendelea kuzidi unarudishwa T1. Mtu wa sola matumizi yake ya luku yanapanda na kushuka na mawingu, hayatulii kama ya mtu mwenye taa tatu na redio.

#9 Yuniti Nane
@Chalinze Njiapanda hesabu ulizoleta ni sahihi, hofu ndiyo kubwa mno. Yuniti 90 kwa D1: 75 kwa 122 ni 9,150, na 15 kwa 427 ni 6,405. Jumla 15,555. Yuniti 90 hizo hizo kwa T1 ni 32,000 na zaidi. Hata ukizidi, bado D1 inakufaa.

#10 Mwalimu wa Makorora
Nimesoma mpaka hapa nikaona jambo kubwa limerukwa. Sahauni bei kwanza, tuulize umeme wenyewe umekwenda wapi.

Paneli nne za 550 ni wati 2,200. Pwani yetu tukikadiria kwa siku jua la nguvu kamili la muda wa saa tano, ukatoa robo nzima kwa joto, nyaya, uchafu na hasara za inveta, unapata yuniti nane kwa siku. Kwa mwezi ni kama 240. Mkazi wa Sahare amepunguza luku kutoka yuniti 108 hadi 57. Yaani kati ya 240 zinazowezekana anatumia 50 tu! Shemeji anatumia kama 112. Wote wawili wanamwaga, ila mmoja anamwaga zaidi.

Mvua ya Nahodha haiwezi kula yuniti 190. Toka Tanga mpaka Bagamoyo kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 150, wote tuko kati ya nyuzi 5 na 6 na nusu kusini mwa ikweta. Kuna tofauti ya mawingu, sikatai, lakini haiwezi kuwa mara mbili.

Swali langu kwa mleta uzi: mchana nyumbani kwako kuna nani, na kunawaka nini?

#11 Mkazi wa Sahare
Mwalimu, mchana hakuna mtu. Mimi kazini, mke wangu kazini, watoto shule mpaka saa kumi. Linabaki friji.

#12 Mwalimu wa Makorora
Basi paneli zako zinajaza betri mpaka saa nne au saa tano asubuhi, halafu inveta inazibana. Saa ya jua kali kuliko zote hakuna wa kula umeme. Umeme usiotumika wala kuhifadhiwa haupo, paneli inatoa kile tu kinachoombwa.

#13 Mama Friza
Hapa sasa mmefika kwangu. Niko Dunda, Bagamoyo, nina friza mbili. Nauza barafu na juisi ya ukwaju, na wavuvi wananiwekea samaki kwa malipo. Paneli zangu sita, betri ndogo tu. Friza nazipa kazi kuanzia saa tatu asubuhi, zinaganda mpaka saa kumi, usiku zinajishikilia zenyewe kwa ubaridi, sizifungui. Barafu ndiyo betri yangu, na haikuniuma milioni tatu.

Halafu nyie mnahesabu luku peke yake. Umeme ukikatika usiku mmoja samaki wakaharibika, hasara yake inazidi luku yangu ya mwezi mzima. Hiyo mbona hamuiandiki kwenye akiba?

#14 Binti Kaole
Mama Friza ukwaju wako naujua, wacha nisiseme zaidi.

#15 Mkazi wa Sahare
Mama Friza shukrani. Lakini Mwalimu, hata kama mchana hakuna mtu, betri inajaa kila siku. Yuniti tano kila usiku ni 150 kwa mwezi. Mbona zinaonekana 50?

#16 Fundi wa Barabara ya Nane
Naomba niingie. Nafunga sola Ngamiani na vitongoji vyake, hiyo kesi nimekutana nayo tena na tena. Mkuu, fungua setingi za inveta uangalie vitu viwili. Kwanza, betri imeruhusiwa kushuka mpaka asilimia ngapi kabla ya kuhamia luku? Pili, kipaumbele kimewekwa jua, betri, kisha luku, au luku imewekwa kabla ya betri?

#17 Mkazi wa Sahare
Nimeangalia. Kipaumbele kiko sawa: jua, betri, luku. Ila betri inaishia asilimia 60. Fundi aliyefunga alisema niache hivyo, umeme ukikatika usiku niwe na akiba.

#18 Fundi wa Barabara ya Nane
Basi hesabu ya Mwalimu imepata mwenyewe. Unatumia asilimia 40 ya betri, yaani yuniti mbili kwa usiku, sitini kwa mwezi. Toa hasara, unabaki na hizo 50 zako. Lithiamu inavumilia kushushwa mpaka asilimia 20 bila shida. Hiyo tabia ya kuiogopea betri imetoka kwenye betri za asidi, zile ukizishusha chini ya nusu kila siku zinakufa mapema.

Na kuna mwizi mwingine hamjamtaja: inveta yenyewe. Hizi za kilowati 5 zinakula wati 40 hadi 60 hata kama hujawasha kitu. Chukua wati 50 kwa saa 24, ni yuniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Nyumba inayotumia yuniti 108 haikuhitaji inveta ya ukubwa huo. Ya kilowati 3 ingekutosha, na bei yake ni ndogo.

#19 Mzee Mkonge
Huyu Fundi anasema kweli kuhusu betri za asidi. Zangu mbili za ampea 200 zilikufa kabla ya muda nilioambiwa dukani, na sikuwahi kuzimaliza chaji. Nani anaweza kunieleza?

#20 Fundi wa Barabara ya Nane
Mzee ulizihifadhi wapi?

#21 Mzee Mkonge
Juu, karibu na dari, watoto wasizishike.

#22 Fundi wa Barabara ya Nane
Chini ya bati la Muheza. Joto ndilo lililozimaliza, mzee wangu. Betri ya asidi imepimiwa maisha yake kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo zinapunguza umri kama nusu. Ziwekwe chini, chumba chenye hewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni.

#23 Msambaa wa Soni
Mmezungumza joto, ngoja niseme na sisi wa milimani. Watu wa Tanga mjini mnatuonea huruma kwa ukungu, na kweli Juni na Julai hapa Lushoto ukungu unaweza kukaa mpaka saa tano. Lakini paneli haipendi joto. Kila nyuzi moja juu ya 25 inapoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu yake. Juu ya bati la Sahare saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60, unapoteza asilimia 12 hivi jua likiwa kali kabisa. Huku kwetu, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, upepo baridi unaipoza. Januari na Februari anga likiwa wazi paneli yangu inatoa karibu kile kilichoandikwa mgongoni, jambo ambalo pwani hamlioni.

Hasara yetu ni nyingine: milima. Nyumba ikiwa bondeni jua linachungulia saa mbili na nusu na kuzama saa kumi na nusu. Jirani yangu aliye juu ya kilima anapata zaidi yangu kila siku, na tuko kijiji kimoja. Ukitaka kulinganisha mikoa, linganisha kwanza nyumba mbili za mtaa mmoja.

#24 Nahodha wa Pangani
Msambaa amenipa nguvu. Kwa hiyo hali ya hewa ina uzito, siyo "kidogo" kama Mwalimu anavyotaka tuamini.

#25 Mwalimu wa Makorora
Ina uzito kati ya Soni na Sahare. Kati ya Sahare na Zinga, zote ufukweni, zote joto, hapana.

#26 Handeni Kavu
Wote mnalinganisha na luku. Sisi Handeni wengine hatulinganishi na luku kabisa. Shamba langu liko nje ya Mkata, nguzo haijafika. Pampu ya kisima nilikuwa naiendesha kwa jenereta ya petroli. Jenereta ndogo kwa lita moja haifiki yuniti mbili, na petroli ikicheza kwenye elfu tatu, yuniti moja inanigharimu zaidi ya 1,500. Wenye T1 mnalalamikia 356!

Nimeweka pampu ya sola inayokwenda moja kwa moja, bila betri. Jua likitoka inavuta, jua likizama inalala, maji yako kwenye tanki juu. Hela yake ilirudi haraka kuliko yoyote niliyosoma humu. Ukame wetu ambao kila mtu anatuonea huruma ndio unaotupa jua. Vumbi tu ndilo linasumbua, kitambaa chenye maji kila wiki.

#27 Chalinze Njiapanda
Na kijijini nguzo ikifika, kuunganishwa ni 27,000 tu. Mjini ni 320,960 kwa njia moja (singo fezi) bila nguzo. Handeni Kavu akifikiwa na umeme wa 27,000, akaingia D1 kwa 122, sola yake haina tena hesabu ya kurudisha hela.

#28 Handeni Kavu
Pampu yangu tayari imejilipa mkuu. Nguzo ije, nitawashia taa.

#29 Horohoro Mpakani
Niongeze jirani mwingine. Nina ndugu upande wa Lunga Lunga, Kenya, dakika chache kutoka kwangu. Yuniti kwao ni ghali kuliko T1 yetu, kwa hiyo paneli ile ile, jua lile lile, yeye anarudisha hela mapema. Mpaka ndio unaobadilisha hesabu, jua halijabadilika. Ningekuwa Mzee Mkonge hoja yake ya bei ningeipeleka huko, si Bagamoyo.

#30 Kijana wa Hale
Binafsi naona mnapoteza hela kwenye betri. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, megawati 2,115. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Mgao ule wa mwishoni mwa 2023 haupo tena. Funga paneli, tumia mchana, usiku tumia luku. Mkazi wa Sahare angetoa hiyo betri ya 3,100,000, gharama ingebaki 3,700,000.

#31 Mama Friza
Kijana, mgao ni jambo moja, kukatika ni jingine. Mnazi ukiangukia waya Bagamoyo, megawati zote za Rufiji hazinifikii. Mvua ya upepo ikipiga tunakaa gizani na bwawa limejaa.

#32 Kijana wa Hale
Mama hapo umenibana kidogo. Lakini wewe mwenyewe umesema barafu ndiyo betri yako.

#33 Mama Friza
Na betri ndogo ninayo, kwa ajili ya usiku wa mnazi.

#34 Shemeji wa Zinga
Habari za humu. Nimetumiwa huu uzi na mke wangu, nimeambiwa nimegeuzwa mfano. Shemeji, heshima yako.

Niseme ya kwangu. Sina siri. Mama mkwe yuko nyumbani mchana, na mke wangu anashona, cherehani mbili za umeme na pasi. Pasi inapigwa saa sita mchana, pampu ya maji inajaza tanki saa saba. Nguo tunafua mchana. Usiku ni taa, feni na televisheni. Betri yangu inashuka mpaka 20. Jingine ambalo hamjalitaja: paneli zangu zimeelekea kaskazini na zimeinuliwa kidogo. Za shemeji nilipokuja Idi niliona zimeelekea kusini.

#35 Nahodha wa Pangani
Kusini ndiyo sahihi. Video zote nilizoangalia wanasema elekeza kusini.

#36 Mwalimu wa Makorora
Nahodha, hizo video ni za Ulaya na Marekani. Wao wako kaskazini mwa ikweta, jua lao liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 5 kusini. Juni jua la saa sita linapita nyuzi 28 upande wa kaskazini mwa utosi, Desemba linapita nyuzi 18 upande wa kusini. Kwa hiyo kaskazini inashinda kwa mwaka, ila kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 tofauti siyo kubwa kama watu wanavyodhani. Asilimia chache. Mwinamo wenyewe ni kwa ajili ya mvua kusafisha vumbi zaidi kuliko kitu kingine.

#37 Shemeji wa Zinga
Na mwembe wa jirani yake? Saa tisa kivuli kinaigusa paneli ya mwisho. Zimeungwa mfululizo, kivuli kwenye moja kinaburuza zote nne.

#38 Mwalimu wa Makorora
Hakiburuzi zote. Ndani ya paneli kuna dayodi, vijidude vinavyopitisha umeme kando ya sehemu yenye kivuli. Unapoteza sehemu ya paneli moja, nyingine zinaendelea. Na saa tisa betri yake imeshajaa zamani, mwembe hauna kosa.

#39 Fundi wa Barabara ya Nane
Kwa karatasi Mwalimu yuko sawa. Kwa macho yangu, nimekata tawi la mwarobaini Mabawa na mteja akapata tofauti aliyoiona mwenyewe kwenye skrini. Inategemea inveta inavyojua kutafuta pale paneli zinapotoa nguvu kubwa zaidi.

Ila Mkazi wa Sahare, mbali na yote hayo, wewe uko karibu na maji ya chumvi. Waulize waliofunga, bolti ni za stenlesi au za chuma cha kawaida? Fremu ni alumini. Alumini na chuma cha kawaida vikikutana kwenye chumvi vinatafunana. Nimeshusha paneli Raskazone zilizokuwa nzima kabisa, vishikizo vyake vimeisha. Hesabu ya miaka 13 au 18 haina maana kama bolti hazifiki miaka mitano. Na chumvi ikikauka juu ya kioo inafanya utando, mvua ndogo haitoshi kuutoa.

#40 Binti Kaole
Hili la kutu naliunga mkono kwa mikono yote. Bati la nyumba yetu ni shahidi. Bagamoyo na Tanga hapo tuko sawa sawa.

#41 Mzee Mkonge
Bado naamini Bagamoyo wana faida ya Dar. Mafundi ni wengi, bei zinashindana, kitu kikiharibika unapanda daladala na kukirudisha dukani. Sisi inveta ikipata hitilafu inapelekwa Dar kwa basi, kilomita 350, inakaa wiki, na wakati huo unalipa luku nzima. Tofauti ya 450,000 kwenye kununua tu imetajwa hapo mwanzo, na watu wamepita juu yake.

#42 Yuniti Nane
Hiyo ni hoja Mzee, na ni nzito kuliko ya mwanzo.

#43 Handeni Kavu
Bandari ya Tanga imechimbwa kina, meli kubwa zinafunga gatini sasa. Wafanyabiashara wetu walete kontena la paneli moja kwa moja, kwa nini tufuate Kariakoo?

#44 Kijana wa Hale
Walete na inveta za kilowati 3.

#45 Mkazi wa Sahare
Wakuu nimefuata. Jana usiku nimeshusha betri mpaka 20. Pampu ya maji nimeipangia saa sita kwa taima. Leo sikuenda kazini, nimesimama mbele ya inveta saa sita na nusu kabla pampu haijawaka: betri imejaa, paneli zinatoa wati 310 basi. Pampu ilipowaka zikaruka mpaka wati 1,200 na zaidi bila kugusa betri. Mwalimu, macho yangu yameona.

#46 Mwalimu wa Makorora
Sasa tafuta kazi nyingine za saa sita. Jiko la presha la umeme likichemsha maharage saa hiyo, mkaa nao unaingia kwenye hesabu.

#47 Nahodha wa Pangani
Leo Tanga kulikuwa na wingu?

#48 Mkazi wa Sahare
Hata moja.

#49 Nahodha wa Pangani
Basi subiri Aprili ndipo uje na namba.

#50 Yuniti Nane
Aprili asubiri na ombi la D1 likiwa limeshapelekwa.

#51 Fundi wa Barabara ya Nane
Na kabla ya Aprili naomba mtu apande akaangalie zile bolti. Asubuhi, bati likiwa halijapata moto, na breka ya paneli izimwe kwanza.